Jani la Saba

Miezi minne pikapu langu lilitembea limekaa
kama mbwa aliyeambiwa asubiri mlangoni.
Nyuma, trela la mapipa ya asali kutoka Ipole.
Mbele, taa mbili zikitazama mbingu.
Madereva wa malori waliniwashia full kwa hasira,
wengine wakatoa mikono dirishani,
nami nikisema peke yangu ndani ya vumbi:
si taa, jamani, ni mgongo.

Usukani ulikuwa mwepesi. Nikadhani ni raha.
Fundi Ntinginya akafuta mikono kwa tambara:
"Usukani ukilainika hivyo, Kalunde,
ujue magurudumu ya mbele yameanza kuaga ardhi."

Gereji yake iko Ng'ambo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
chini ya bati lenye matundu ya misumari.
Akalala chali, akaniita nami nione.
Nikatandika kitenge juu ya oili.
Majani sita ya springi, yamenyooka
kama watu waliokwisha kubishana,
na la nne lina ufa
mwembamba kuliko unywele.
"Huu si wa jana," akasema.

Nikanyamaza. Naijua siku yake.
Kaka yangu Lugendo alipakia marobota ishirini na nane ya tumbaku
kwenye gari la kumi na manne,
kwa sababu mvua ilikuwa njiani na mnunuzi hangojei.
Gari aliniachia.
Kumbe na ufa.

"Weka majani kumi," nikasema. "Weka chuma chote ulicho nacho."
Akacheka.
"Siku ukirudi mtupu litakurusha mpaka meno yahesabiane.
Springi si ukuta, mama. Ukuta haufiki Sikonge."
Akaokota mti uliokuwa pembeni,
akaning'iniza dumu huku na dumu huku,
akajitwika mzega, akatembea hatua tano.
Ncha zikawa zinapanda, zinashuka,
bega limetulia.
"Mti mgumu unakata bega. Mti laini unakatika.
Mababu walikuwa wanatafuta wa katikati,
nao hawakuwa na katalogi."

Siku mbili wakagonga.
Kijana wake Shigela alishikilia, yeye akapiga,
jani baada ya jani juu ya kipande cha reli,
mpaka kila moja likarudisha upinde wake.
La nne likatolewa, likaja jingine.
Bushi mpya, yubolti mpya, shokapu mbili nene kama mkono wangu.
Halafu, kutoka kwenye Fuso lililolala uani tangu sijui lini,
akachomoa jani la saba:
fupi, zito, halina upinde wa kujivunia.
Akaliweka chini ya wenzake.
Gari likiwa tupu haligusani na mzigo,
limekaa tu.
Mapipa yakipanda, wale sita wakiinama,
ndipo linapopokea.

Katika ukoo wetu wapo watu wa hivyo.
Harusini hutawaona.

Laki mbili taslimu, na ndoo ya asali kwa iliyobaki.
"Nimekupa mgongo," akasema, "breki sikukupa.
Mapipa yasogeze mbele kidogo ya ekseli ya trela,
na mteremko ushuke kama unabeba mtoto aliyelala."
Jani lenye ufa alitaka kulifua panga.
Nikakataa. Liko chini ya kiti.
Hakuuliza.

Jana usiku nimetoka Ipole na mapipa tisa.
Usukani una uzito wake,
taa zimeshuka barabarani,
nimeona kila shimo kabla halijaniona,
nimeona kanga na vifaranga wake wakivuka,
na hakuna aliyeniwashia taa.

Ila miezi ile minne, lazima niseme,
nilikuwa nikimulika juu kwenye miombo
mizinga ya watu, mmoja baada ya mwingine,
imening'inia gizani imelala.
Nikaijua: huu wa Msabila, huu wa mjane wa Kapela,
ule uliopasuka hauna mwenyewe.

Jana sikuuona hata mmoja.